Mgonjwa akipewa nusukaputi, fahamu zake huenda wapi?

Kazi yangu ni kulaza watu kwa ajili ya upasuaji, na ndugu wa wagonjwa huniuliza: "Daktari, akilala hivyo, roho yake iko wapi?" Swali hilo silipuuzi hata kidogo.

Ninachoweza kueleza ni hiki. Propofoli, ile dawa nyeupe kama maziwa, ikishaingia mshipani, mgonjwa anayehesabu hukatikia njiani kabla dakika haijaisha. Dawa inashika vipokezi vya GABA, vinavyotuliza seli za ubongo. Ubongo wenyewe hauzimiki. Sauti bado zinafika kwenye sehemu ya kusikia, ila sehemu hiyo na nyingine haziwasiliani tena kama kawaida. Ketamini hupita njia tofauti: inaziba vipokezi vya NMDA, vinavyochochea seli za ubongo, macho huweza kubaki wazi, na wapo wanaoamka wakisimulia kwamba walikuwa wanaelea juu ya miili yao.

Hapo wengine husema basi, roho ilitoka. Sikubali upesi hivyo, maana hali hiyo huja kwa kipimo cha dawa na huondoka dawa ikiisha nguvu. Lakini wenzangu wanaosema fahamu ni nyuroni tu, yaani seli za ubongo, nao nawabishia. Ubongo una nyuroni zipatazo bilioni 86, na bilioni 69 hivi zimo kwenye serebela, kule kisogoni. Wapo watu waliozaliwa bila serebela. Wanayumba wakitembea na ulimi wao ni mzito, lakini fahamu wanazo. Kwa hiyo wingi wa seli si jibu. Kwa nini mpangilio mmoja wa seli uhisi maumivu na mwingine usihisi chochote? Mwaka 1998 mwanasayansi Christof Koch aliwekeana dau la mvinyo na mwanafalsafa David Chalmers kwamba ndani ya miaka 25 alama ya fahamu ndani ya ubongo ingekuwa imejulikana. Mwaka 2023 Koch alilipa.

Sura Al-Israa, aya ya 85, inasema kuhusu roho kwamba tumepewa elimu kidogo tu. Naiheshimu kauli hiyo, ingawa haikukusudiwa kunipa kipimo cha dawa. Katika kueleza, naiamini sayansi zaidi, kwa kuwa inakubali kupimwa na kushindwa. Ila dini zimetufundisha jambo ambalo hospitali zilichelewa kulishika: aliye kimya bado ni mtu.

Mwaka 2006 Adrian Owen na wenzake, Uingereza, walimweka kwenye mashine ya MRI, inayopiga picha za ubongo, mwanamke aliyeonekana hana fahamu kabisa baada ya ajali. Wakamwambia ajifikirie anacheza tenisi. Ubongo wake ukaitika kama wa mtu mzima wa afya. Utafiti uliotoka 2024 uliwapima wagonjwa 241 wasioitikia amri yoyote, na 60 kati yao walikuwa wakizifuata kimyakimya ndani ya ubongo.

Ndiyo maana ndugu wakija na msahafu au rozari kwenye chumba cha mahututi, nawaambia wasome kwa sauti, wamwite kwa jina, wamweleze ni nani amekuja kumwona. Na wauguzi nawasihi wasijadili hali yake mbele yake kana kwamba hayupo.