Serikali ya maafikiano: jinsi Wainuit wa Nunavut wanavyompata kiongozi bila vyama

Serikali ya maafikiano ni utaratibu wa kuongoza bila vyama vya siasa. Kila mbunge huingia bungeni kama mgombea binafsi, kisha wabunge wenyewe humchagua mmoja wao awe kiongozi wa serikali. Ndivyo mambo yanavyokwenda Nunavut, kaskazini kabisa mwa Kanada, ambako wakazi wengi ni Wainuit, wenyeji wa asili wa nchi za barafu.

Neno maafikiano lisitupeleke kwenye muafaka kama ule wa CCM na CUF kule Zanzibar. Pale vyama viwili vilivyokuwa vimegombana vilikaa mezani. Nunavut hakuna chama cha kukaa mezani. Wala haina maana kwamba wote hukubaliana, kwa sababu kura hupigwa, watu hushinda na watu hushindwa.

Nunavut, yaani "ardhi yetu" kwa Kiinuktitut, ilizaliwa tarehe 1 Aprili 1999 ilipotengwa na Northwest Territories, eneo jirani la Kanada. Huko nyuma kulikuwa na madai marefu ya ardhi yaliyofikia mkataba wa mwaka 1993 kati ya Wainuit na serikali ya Kanada. Eneo lake ni kama moja ya tano ya Kanada nzima, lakini watu ni kama 40,000 tu, katika makazi 25 ambayo hayakuunganishwa kwa barabara. Kuendesha bunge bila vyama walikurithi kutoka Northwest Territories, ila kunaoana vizuri na jambo ambalo Wainuit huliita aajiiqatigiinniq: kuamua kwa kuzungumza mpaka watu waelewane. Hata ukumbi wa Bunge mjini Iqaluit umepangwa kwa duara, na siwa yake imetengenezwa kwa jino refu la narwali, nyangumi wa bahari ya barafu.

Baada ya uchaguzi mkuu wabunge wote, ambao sasa ni 22, hukutana. Humchagua Spika kwanza. Wanaotaka uongozi wa serikali, yaani uwaziri kiongozi, hujinadi mbele ya wenzao na kuulizwa maswali, kisha kura ya siri hupigwa. Kwa kura za siri vilevile wabunge huchagua mawaziri, na kazi ya waziri kiongozi ni kuwagawia wizara tu. Hebu fikiria uzito wa jambo hilo: kiongozi hachagui timu yake mwenyewe.

Wa kwanza kushika nafasi hiyo alikuwa Paul Okalik wa Pangnirtung, mwanasheria aliyekuwa na miaka 34 tu. Ujana wake ulipita kwenye pombe na hata jela kabla hajarudi shule. Aliongoza kwa miaka tisa. Oktoba 2008 wapigakura wa Iqaluit walimrudisha bungeni, lakini Novemba wabunge wenzake walimpa uongozi Eva Aariak. Okalik alirejea baadaye akawa waziri, na mwaka 2016 akajiuzulu uwaziri kwa kupinga mpango wa kufungua duka la bia na mvinyo Iqaluit. Hakuwa na njia nyingine, kwa kuwa baraza la mawaziri husimama kwa sauti moja hata pasipokuwa na chama. Kwangu mimi, hiyo ndiyo hatua yake iliyostahili heshima kuliko zote.

Tofauti kubwa na mabunge tuliyoyazoea iko kwenye hesabu. Mawaziri ni wachache kuliko wabunge wa kawaida, kwa hiyo serikali huwa ya walio wachache kila siku. Mswada au bajeti haipiti mpaka wabunge wasio mawaziri washawishiwe, wala hakuna mnadhimu wa chama wa kuwakaripia. Lawama nayo ipo, na ni ya haki: mwananchi humpigia kura mbunge wake bila kujua nani ataongoza serikali wala ilani yake ni ipi.

Aliyeuonja utaratibu huu kwa ukali zaidi ni Paul Quassa, mmoja wa waliojadiliana na kutia saini mkataba wa 1993. Wabunge walimchagua kuwa waziri kiongozi Novemba 2017. Baada ya miezi saba, wakilalamikia uongozi wake na matumizi ya fedha, ikiwemo safari ya ujumbe mkubwa kwenye maonyesho ya biashara Ottawa, walimpigia kura ya kutokuwa na imani naye: 16 kwa 3. Naibu wake, Joe Savikataaq, alichaguliwa siku hiyohiyo, Juni 14, 2018. Hakuna uchaguzi mkuu ulioitishwa, na Quassa hakupoteza kiti chake. Alibaki mbunge wa kawaida ndani ya duara lilelile, na kabla Bunge hilo halijamaliza muda wake wenzake walimchagua kuwa Spika.