Je, wajua kwa nini anayeshinda mbio za pikipiki za MotoGP si lazima awe ndiye aliyeendesha vizuri kuliko wote?

Tarehe 2 Machi 2025, msimu mpya wa MotoGP ulifunguliwa Buriram, Thailand. Marc Márquez, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia timu ya kiwanda ya Ducati, yaani timu ya watengenezaji wenyewe wa pikipiki hiyo, alianza wa kwanza na kuongoza bila kusumbuliwa. Ilipofika mzunguko wa saba, bila kubanwa na mtu, akapunguza mwendo na kumwachia mdogo wake, Álex, apite. Wengi waliokuwa wakitazama waliona moja kwa moja kwamba pikipiki imempa shida. Akakaa nyuma ya mdogo wake mzunguko baada ya mzunguko. Ilipobaki mizunguko mitatu akampita tena, akaondoka na ushindi.

Pikipiki haikuwa na tatizo lolote. Shida ilikuwa upepo ndani ya tairi la mbele.

Penye wengi pana mengi, na mashabiki wa mbio hizi wakishaona bendera ya mwisho huanza kesi mpya: nani kaendesha vizuri, nani kabebwa na pikipiki, nani kazeeka, nani kaogopa. Asiyeufuatilia mchezo huu hushangaa. Matokeo si yameshatoka? Wa kwanza ni wa kwanza. Lakini kisa cha Buriram kinaonyesha kwamba tunachokiona kwa macho ni nafasi tu, yaani nani yuko mbele ya nani. Kiwango cha mwendeshaji ni kitu kingine. Ni ule umbali kati ya alichokipata na kile ambacho pikipiki yake, matairi yake na siku yake vingemruhusu kukipata. Matokeo hayatuonyeshi mpaka huo uko wapi.

Tuanze na huo upepo, maana umevuruga mijadala mingi kuliko kitu kingine chochote katika miaka hii. Kanuni inataka presha ya tairi la mbele isishuke chini ya bar 1.80 kwa angalau asilimia 60 ya mizunguko ya mbio za Jumapili. Ukikiuka, unaongezewa sekunde 16, na katika mbio fupi za Jumamosi, ziitwazo Sprint, ni sekunde 8. Mafundi hujaza tairi kabla ya mbio likiwa halijafikia joto la mbio, kwa kubahatisha: mtu wetu atakuwa wapi? Akiwa katikati ya kundi, hewa ya moto inayotoka kwenye pikipiki zilizo mbele yake italipasha tairi na presha itapanda, kwa hiyo wanaanza na upepo kidogo. Akiwa peke yake mbele, upepo wa njiani hulipoza tairi na presha hubaki chini. Márquez alikuwa mbele, tairi likawa halipandi, naye alikuwa akiliona hilo kwenye skrini ya pikipiki yake. Buriram mbio ni mizunguko 26, na asilimia 60 yake ni kama mizunguko 16. Akajificha nyuma ya Álex kwa muda unaokaribiana na huo, tairi likapata moto, akamaliza kazi.

Kwa hiyo mtu aliyeonekana kulegea ndiye aliyekuwa akiendesha kwa akili kuliko wote uwanjani. Mwezi uliofuata, huko Qatar, yalimkuta Maverick Viñales ya kinyume chake. Alipita mstari wa mwisho akiwa wa pili, juu ya pikipiki ya KTM ambayo wachache waliitegemea kuwa huko. Baada ya mbio ikapatikana kwamba presha ilikuwa chini ya kiwango. Sekunde 16 zikaongezwa, akashuka hadi nafasi ya 14. Atakayesoma matokeo hayo miaka kumi ijayo ataona jina lake chini kabisa na kupita. Mimi naihesabu kuwa moja ya mbio zake bora.

Presha ikizidi nayo ni balaa. Tairi huvimba, sehemu inayogusa lami hupungua, na ukishika breki kwa nguvu gurudumu la mbele linajifunga. Hapo ndipo unapomwona mtu amekaa nyuma ya mwenzake mizunguko kumi, hampiti, na watu wanasema hana moyo. Moyo anao. Anajua tu kwamba akichelewesha breki hata kidogo ataishia kwenye kokoto. Mabawa yaliyojaa kwenye pikipiki za siku hizi yameongeza tatizo hilo, kwa sababu hewa inayotoka kwa aliye mbele huwa imevurugika, na pikipiki ya nyuma hukosa mkandamizo, yaani ile nguvu ya hewa inayoibana chini kwenye lami, ilioutegemea kwenye breki na kwenye kona. Anayemaliza wa tano akiwa amezibwa njia nzima anaweza kuwa na kasi kuliko wa pili. Kwenye televisheni atabaki kuwa wa tano.

Halafu kuna uamuzi unaofanywa kabla hata ya taa kuzimika. Oktoba 2023, Phillip Island, Australia, Jorge Martín aliweka tairi laini nyuma huku wapinzani wake wa karibu wakichagua gumu kidogo. Aliwaacha wote, pengo likapita sekunde tatu. Tairi likaanza kuisha. Mizunguko ya mwisho alikuwa akipigana na pikipiki inayoteleza kila anapofungua mafuta, na bado alikuwa anaongoza mzunguko wa mwisho ulipoanza. Humo humo wakampita wanne. Johann Zarco akashinda kwa mara ya kwanza katika daraja la MotoGP, Martín akawa wa tano.

Aliendesha vibaya? Wapo wanaoapa kwamba ndiyo, kwa kuwa kuchagua tairi na kulitunza ni sehemu ya kuendesha. Nakubaliana nao nusu. Uamuzi ulikuwa mbaya, ila kulifikisha tairi lile hadi mzunguko wa mwisho akiwa bado anaongoza ni kazi ambayo wengi wangeanguka wakiijaribu. Ukichanganya uamuzi na uendeshaji katika alama moja, huwezi kumtendea haki.

Lakini kesi kubwa kuliko zote, ile inayorudi kila msimu, ni ya mtu na pikipiki. Na hapa hakuna mfano unaouma kama wa Valentino Rossi. Mwaka 2004 aliihama Honda iliyokuwa ikitawala akaenda Yamaha, ambayo haikuwa imetwaa ubingwa tangu 1992. Alishinda mbio zake za kwanza kabisa na timu hiyo, Welkom, Afrika Kusini, kisha akachukua ubingwa mwaka huo na uliofuata. Hoja ikaonekana imefungwa: mtu ndiye kila kitu. Mwaka 2011 akaenda Ducati. Misimu miwili, ushindi sifuri, jukwaani, yaani kwenye tatu bora, mara tatu tu.

Ducati hao hao walikuwa wamempa Casey Stoner ubingwa wa 2007, na msimu wa 2010, mmoja tu kabla Rossi hajafika, Stoner alishinda nao mbio tatu. Je, Rossi alikuwa amekwisha? Hapana, kwani mwaka 2013 alirudi Yamaha na kushinda Assen, Uholanzi. Ukweli ni kwamba watu hawa wawili waliendesha kwa namna mbili tofauti. Rossi alijenga mwendo wake wote juu ya tairi la mbele: anashika breki akiingia kona, anasikia kwa mikono tairi linasema nini, ndipo anaamua. Ducati ya wakati ule haikusema chochote mbele. Stoner hakusubiri iseme. Alifungua mafuta mapema, tairi la nyuma likateleza, na mtelezo huo ndio ulioigeuza pikipiki. Ducati waliacha fremu ya kaboni wakamtengenezea Rossi ya alumini kwa msimu wa 2012, na bado haikutosha. Kwa hiyo swali la "pikipiki ni nzuri au mbaya" halina jibu mpaka useme ni nzuri kwa nani.

Ndiyo maana mashabiki wengi hukimbilia kipimo cha kumlinganisha mwendeshaji na mwenzake wa timu. Pikipiki moja, mafundi wa nyumba moja, tofauti yote iliyobaki ni mtu. Msimu wa 2019, Marc Márquez alimaliza bingwa akiwa na pointi 420 kwenye Honda. Aliyemfuata kati ya waendeshaji wote wa Honda, Cal Crutchlow, alikuwa na 133. Mwenzake Márquez wa timu alikuwa Jorge Lorenzo, bingwa mara tatu wa daraja hilo, mtu aliyeshinda mbio tatu akiwa na Ducati mwaka mmoja tu nyuma. Alipata pointi 28, akastaafu msimu ulipoisha.

Takwimu hizo zikisomwa peke yake, Lorenzo anaonekana kama mtu asiyejua kuendesha, na huo ni uonevu. Aliumia uti wa mgongo na kukosa mbio kadhaa. Zaidi ya hapo, pikipiki haitengenezwi gizani. Kiwanda humsikiliza anayeshinda, na mwaka hadi mwaka pikipiki huelekea kwenye mkono wake. Honda ilikuwa imefuata mkono wa Márquez, mtu anayeweza kupoteza gurudumu la mbele na kujiinua kwa kiwiko na goti. Márquez alipovunjika mkono Jerez, Hispania, Julai 2020, Honda ilimaliza msimu mzima bila ushindi hata mmoja. Hilo linasema mengi kuhusu Márquez, lakini linasema mengi pia kuhusu pikipiki waliyoachiwa wenzake.

Pointi nazo zina ubishi wake. Mwaka 2024 Francesco Bagnaia alishinda mbio 11 kati ya 20 za Jumapili. Martín alishinda tatu. Bingwa ni Martín, kwa pointi 508 dhidi ya 498, kwa kuwa mara nyingi alikuwa wa pili wakati Bagnaia alianguka au kukosa pointi, hasa Jumamosi. Mwaka 2006 Nicky Hayden alitwaa ubingwa kwa kushinda mbio mbili tu, Rossi akiwa ameshinda tano na kuanguka kwenye mbio za mwisho Valencia. Anayeamini katika ubora wa siku moja atamchagua Bagnaia. Anayeamini katika kutokosea atamchagua Martín. Mimi ningempa Martín, bila kusita, kwa sababu kukaa juu ya pikipiki siku usiyokuwa na kasi ni ujuzi, na ni ujuzi mgumu.

Sasa, mtu anayetaka kubishana kwa ushahidi ana pa kuanzia. Baada ya kila mbio hutolewa karatasi za muda zinazoonyesha kila mzunguko wa kila mwendeshaji, umegawanywa vipande vinne. Achana na mizunguko miwili mitatu ya kwanza, ambapo watu wanagombania njia na matangi bado yamejaa mafuta. Tafuta kipindi ambacho mtu wako hakuwa na yeyote mbele yake kwa sekunde moja au zaidi. Mlinganishe na mwenye tairi la aina moja na lake, kwenye mizunguko ile ile. Kisha angalia mizunguko mitano ya mwisho: nani muda wake umepanda kwa nusu sekunde na nani umepanda kwa sekunde nzima. Hapo utaona mambo ambayo kamera haikukuonyesha, kama mtu wa nane aliyekuwa na kasi ya jukwaani lakini alianza wa 17 kwa sababu aliharibu mzunguko mmoja wa kufuzu, ule unaopanga nafasi za kuanzia.

Karatasi hizo zina kikomo chake. Haziwezi kueleza kilichompata Bagnaia msimu wa 2025. Alikuwa na Ducati sawa na ya Márquez, katika karakana moja, na kwa miezi alilalamika kwamba hasikii chochote kwenye tairi la mbele. Márquez alikuwa akishinda mara kwa mara. Wengi wakaamua kwamba bingwa wa 2022 na 2023 amekwisha. Mwishoni mwa Septemba wakafika Motegi, Japani. Bagnaia akashinda Jumamosi, akashinda na Jumapili, huku pikipiki yake ikitoa moshi mizunguko ya mwisho, mbele ya Márquez aliyetwaa ubingwa siku hiyo hiyo. Waliomzika wakanyamaza, waliomtetea wakapiga kelele kwa siku saba. Wiki iliyofuata, Mandalika, Indonesia, mtu yule yule alimaliza Sprint akiwa wa mwisho, na Jumapili akaanguka akiwa tena nyuma ya wote.