Seli Shina na Nanoteknolojia: Maana ya Kuongoza Seli Zijenge Mfupa

Mfupa ni miongoni mwa tishu chache za mwili zinazoweza kuunga bila kuacha kovu, na ndiyo maana wengi wanaovunjika mguu kwa ajali za bodaboda katika barabara za Moshi na Arusha hupona kwa kufungwa hogo au kuwekewa vyuma. Tatizo huja pale kipande cha mfupa kinapopotea, au kinapokatwa kwa sababu ya usaha, pakabaki pengo lisiloweza kuziba lenyewe. Kwa kawaida daktari huchukua mfupa wa nyonga ya mgonjwa huyohuyo na kuupandikiza hapo, lakini mfupa huo una kiasi chake, na mgonjwa huongezewa kidonda cha pili.

Njia nyingine inayotafutwa ni kutumia seli shina, yaani seli ambazo bado hazijachagua kazi. Zile za uboho zinaweza kugeuka kuwa seli za mfupa, za gegedu au za mafuta. Ugumu uko katika kuzielekeza, na hapo ndipo nanoteknolojia inapoingia, kwani hushughulika na vitu vinavyopimwa kwa nanometa, ambayo ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Kipimo hicho si cha anasa: mfupa wenyewe umesukwa kwa nyuzi za kolajeni, protini inayoupa mwili uimara, zilizoshikamana na fuwele za madini zenye unene wa nanometa chache tu.

Seli hushika mahali ilipo kwa protini ziitwazo integrini. Zikishika kwa nguvu, kiunzi cha ndani ya seli huvutika, na ujumbe hufika kwenye kiini na kuamsha jeni za kujenga mfupa. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow walionyesha jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: vishimo vyenye upana wa nanometa 120, vilivyochongwa kwenye uso wa plastiki ambako seli ziliwekwa, vilipopangwa kwa mistari iliyonyooka kabisa havikuleta tija, lakini viliposogezwa ovyo kidogo, kwa hadi nanometa 50, seli shina zilianza kutengeneza madini ya mfupa bila kutiwa dawa yoyote ya kuzichochea. Umbo la uso peke yake lilitosha kuwa agizo.

Nanochembe, yaani chembe zenye ukubwa wa nanometa, hutumika pia kubeba protini za kuchochea mfupa, ambazo Marshall Urist, daktari wa mifupa wa Marekani, alifungua njia ya kuzijua mwaka 1965. Protini hizo zikitiwa kwa wingi na kwa mara moja huweza kuleta uvimbe, au mfupa kuota pasipotakiwa. Chembe huziachia polepole, mahali panapohusika.

Sehemu kubwa ya kazi hii bado iko maabara na kwa wanyama. Kizuizi kikubwa ni damu: seli iliyo mbali na mshipa kwa zaidi ya takriban mikrometa 200 (sehemu moja ya tano ya milimita) hukosa oksijeni na kufa, kwa hiyo katika pengo kubwa mishipa ya damu haina budi kuota pamoja na mfupa.