Mato, tini, ndia: kabla hujamwandikia mtoto ulemavu

Mvulana wa miaka sita aliletwa kwangu na nyanyake kutoka Mji wa Kale, Mombasa, nimfanyie tathmini ya lugha, wakiwa na barua ya shule. Barua ilisema hatamki sawasawa, hajui viungo vya mwili, apelekwe kitengo maalumu cha watoto wenye ulemavu. Nikamwonyesha picha ya uso, nikagusa jicho moja. "Jito." Nikagusa yote mawili. "Mato."

Nyanyake akanitazama. "Hayo ni mato, mwanangu. Kwani wewe wayaita nini?"

Kimvita, lahaja ya Kiswahili ya Mombasa, huweka t katika maneno mengi ambayo Kiswahili sanifu kina ch: mato, tini, kuteka. Penye nj huweka nd: ndia, ndaa. Anayesikiliza kwa sikio la kitabu cha shule atadhani amesikia kosa lile lile la watoto wasioweza kutamka ch. Kwa hiyo nilichukua vikombe vya kuchezea nikajifanya namimina. Hii nini? "Chai." Na hiki kwenye sahani? "Chakula." Ch safi kabisa. Mtoto asiyeiweza sauti hiyo angeniambia "tai" na "takula". Huyu sauti anayo, na anajua ni maneno gani yanayoitaka, kama ajuavyo nyanyake.

Nayaeleza haya kwa urefu kwa sababu barua kama ile zinanifikia mara nyingi, na kitengo maalumu si mahali mtoto anapoingia leo akatoka kesho.

Shida ya lugha iliyo ndani ya mtoto haichagui lugha. Mtoto wa Kisauni anayezungumza Kigiriama nyumbani, akiwa nayo kweli, itaonekana hata kwa Kigiriama: mama atakwambia alichelewa kusema, na mdogo wake ameshampita. Ikionekana kwenye Kiingereza cha darasani peke yake, tulichopima ni muda aliokaa na Kiingereza.

Wengine huuliza, si tuutafsiri tu mtihani? Haitoshi. Alama za kulinganishia zilipatikana kwa watoto wa lugha nyingine, na neno jepesi kule huenda likawa gumu huku. Mimi hupendelea kumpima mtoto, nimfundishe jambo lile lile kwa lugha ya kwao, kisha nimpime tena. Anayeshika upesi alikuwa hajafundishwa tu. Na mkalimani asiwe kaka yake: kaka hunyoosha sentensi iliyopinda kwa kumwonea mdogo wake huruma, nami nabaki sijasikia nilichohitaji kusikia.

Marekani mambo haya yalifika mahakamani. Huko California, kesi iitwayo Diana, ya 1970, ilihusu watoto waliozungumza Kihispania nyumbani, waliowekwa katika madarasa ya wenye upungufu wa akili kwa mtihani wa Kiingereza. Ikaishia kwa makubaliano kwamba mtoto apimwe pia kwa lugha ya nyumbani. Kwetu Kenya, Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inaitaka Serikali ilinde wingi wa lugha za watu wake. Naamini ulinzi huo unafaa uanzie kwenye meza ya tathmini.

Lakini kuna kosa la upande wa pili, nalo linaniuma zaidi. Binti mmoja wa nyumba ya Kisomali aliambiwa kila muhula kwamba "ni lugha tu, atazoea". Nilipomuuliza mamake, akasema hata kwa Kisomali lazima amguse bega ndipo ageuke. Tukapima masikio kwanza: alikuwa hasikii vizuri. Miaka miwili ya darasa ilikuwa imeshampita. Tangu hapo sifungui picha wala vikombe kabla ya kujua kama mtoto anasikia.

Kwa hiyo mzazi, ukiitwa kuja kwenye tathmini, mrekodi mtoto kwa simu akicheza nyumbani na wenzake, kwa lugha yoyote wanayotumia. Dakika tano zatosha. Na kama kuna nyanya anayeishi naye, njoo naye.