Kabla ya Kununua Kiyoyozi, Ikaguliwe Ramani ya Jengo

Kampala iko karibu kabisa na Ikweta, kwenye mwinuko wa takribani mita 1,200, na usiku wake hupoa hadi nyuzi 17 au 18. Kwa hali ya hewa ya namna hii ofisi nyingi zingeweza kuendesha shughuli zake bila kiyoyozi. Inapolazimu kukiwasha tangu asubuhi, mtathmini wa majengo hukagua ramani ya jengo kwanza.

Huanza na upande yanakoelekea madirisha. Jua letu la saa sita mchana halitoki mbali na utosi: hata mwishoni mwa Juni, linapoegemea kaskazini, husogea nyuzi 23 tu, hivyo upenu wa sentimita 65 hulifunika kwa kivuli dirisha la kaskazini lenye kimo cha mita 1.5 kwa saa hiyo. Jua la saa kumi alasiri ni habari nyingine. Hupenya chini ya upenu wa kawaida, na ukuta wa vioo unaotazama magharibi hulipokea mpaka linapokuchwa. Mitindo hiyo ya vioo imeigwa kutoka nchi za baridi, ambako joto la jua hutafutwa kwa udi na uvumba. Huku kwetu mpangaji ndiye anayeilipia. Kiyoyozi kinachovuta kilowati 1 kwa saa 8 hula yuniti 8 za Yaka, umeme wa kulipia kabla nchini Uganda, kwa siku, yaani yuniti 176 kwa mwezi wenye siku 22 za kazi, na hicho ni chumba kimoja.

Hata hivyo, mita ya umeme peke yake hupotosha. Darasa lililoezekwa mabati bila dari halina bili ya kiyoyozi, lakini bati lililopata jua humimina joto vichwani mwa wanafunzi hata pale kipimajoto cha hewa kinaposoma sawa na cha darasa jirani lenye dari. Kwa hiyo vipimo huambatana na maswali kwa watumiaji, ambao huieleza hali yao kwa ngazi 7, kuanzia baridi sana hadi joto sana.

Mara nyingi majibu yao huelekeza kwenye mambo madogo: madirisha ya kuteleza yanayofunguka nusu tu, au matundu ya hewa juu ya madirisha yaliyozibwa ili kuzuia mbu, ilhali wavu ungetosha. Baada ya marekebisho vipimo hurudiwa katika msimu uleule, kwa kuwa Februari ya kiangazi hailinganishwi na Aprili ya mvua.