Taja Mahali Kwanza

“Njooni haraka, tunaungua!” Kisha simu inakatika. Mpokea simu wa zimamoto anabaki na kalamu mkononi, karatasi haina hata neno. Nimekalia kiti hicho miaka mingi, na hakuna sekunde ngumu kama hizo: unajua kuna watu hatarini, hujui wako wapi.

Kwa hiyo naomba jambo moja. Ukishatoka nje salama na kupiga namba ya dharura, taja mahali kabla ya jina lako na kabla ya kueleza moto umeanzaje. Sema mtaa, namba ya nyumba, ghorofa, na alama inayoonekana kutoka barabarani, kama vile geti la bluu au shule iliyo mkabala. Hapo hata simu ikikatika, gari litakuja. Wengi huamini kwamba simu ya mkononi inatuonyesha mlango walipo. Si kila mara. Wakati mwingine tunachopata ni eneo la mnara tu, na mnara mmoja huweza kuhudumia kilomita kadhaa.

Tukikuuliza maswali zaidi, usikasirike wala usikate simu. Mara nyingi mwenzetu ameshatuma gari wakati wewe bado unajibu.

Namba fupi ya dharura yenyewe ilizaliwa kwa uchungu. Mwaka 1935 moto uliua wanawake 5 katika nyumba moja mtaa wa Wimpole, London. Jirani aliyepiga simu kuomba msaada aliwekwa kwenye foleni kama mpigaji mwingine yeyote. Namba 999 ikaanza mwaka 1937. Marekani, simu ya kwanza ya 911 ilipigwa Februari 1968 katika mji mdogo wa Haleyville, Alabama. Namba hizo zilimaliza tatizo la kumpata mtu wa kupokea. Kujua mpigaji yuko wapi bado kunategemea mpigaji mwenyewe, na halmashauri yake.

Kwenye mji mdogo hilo lina uzito wa pekee. Kituo huwa kimoja, magari mawili kwa bahati, zamu ina watu wachache. Gari likielekezwa mtaa wenye jina linalofanana na wako, ng'ambo ya mji, huenda hakuna jingine la kutuma. Na chumba chenye makochi ya sponji kinaweza kushika moto wote ndani ya dakika 5.

Hapa ndipo halmashauri inapoingia. Vibao vya mitaa, namba za nyumba na haidranti, yaani matundu ya bomba kuu tunakounganisha mipira ya maji, mara nyingi ni kazi yake. Gari lenye lita 2,000, likitoa lita 400 kwa dakika, linakauka kwa dakika 5. Baada ya hapo tunatafuta haidranti, na inauma sana kuikuta imezikwa na kifusi au gari limeegeshwa juu yake. Kikao cha bajeti kikifika, hudhuria na uulize haidranti za mtaa wako zilikaguliwa lini.

Leo usiku toka nje, simama katikati ya barabara ikiwa haina magari, uangalie namba ya nyumba yako. Kama haisomeki, ipake upya kwa rangi inayong'aa na ukate matawi yanayoiziba.