Moyo unasukuma vizuri ila haulegei

Karatasi ya eko, kile kipimo cha kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti, ikitoka watu wote wanakimbilia namba moja. Imeandikwa EF, pembeni yake asilimia, na ikiwa 55 kwenda juu basi mtu anaipiga picha anarusha kwenye grupu la familia, moyo mzima, Mungu mkubwa. Kazi yangu mimi ni kupima moyo unavyofanya kazi, nipo kwenye utafiti wa fiziolojia ya moyo hapa Dar, na ninachotaka niwaeleze leo ni kwamba hiyo namba imebeba nusu tu ya habari. Inakwambia moyo unasukumaje. Jinsi unavyopokea damu haisemi kabisa, na kwa presha hizi tulizonazo watu wengi shida yao inaanzia hapo hapo kwenye kupokea.

Tupige hesabu kidogo. EF ni asilimia ya damu inayotoka kati ya ile iliyokuwa imejaa kwenye chumba kikubwa cha kushoto, tunakiita ventrikali ya kushoto. Chukua mtu mwenye moyo wa kawaida, ventrikali inajaa mililita 120, pigo moja linatoa 70, hapo EF ni kama 58. Sasa chukua mwingine ambaye ukuta wa ventrikali umekuwa mnene na mgumu, chumba kimekuwa kidogo, kinajaa mililita 80 tu, kinatoa 48. EF yake ni 60! Kwenye karatasi huyu wa pili kampita wa kwanza. Lakini zidisha kwa mapigo 75 ya dakika moja, wa kwanza anapeleka mwilini lita 5 na robo, wa pili lita 3.6. Figo, ubongo, misuli ya miguu, vyote vinagawana hiyo. Asilimia ya kidogo inaweza kuwa nzuri sana na bado ikawa ya kidogo.

Alafu kuna suala la muda. Moyo ukipiga mara 75 kwa dakika, pigo moja zima linachukua sekunde 0.8, kusukuma ni kama 0.3 na hiyo 0.5 iliyobaki moyo umelegea unajaa. Yani muda mwingi moyo unapokea. Ukianza kukimbilia daladala mapigo yakapanda mpaka 150, muda unaoliwa zaidi ni ule wa kujaa, ule wa kusukuma unapungua kiasi tu, kwa hiyo moyo ambao kulegea kwake ni kwa shida ukiwa umekaa unaweza usihisi kitu, ila ukiinuka tu ukatembea haraka unakuta haupati nafasi ya kujaa. Na mishipa inayolisha msuli wa moyo wenyewe, upande wa kushoto, inapata damu yake nyingi wakati moyo umelegea, mana ukikaza unaiminya. Kwa hiyo muda wa kulegea ukibanwa hata chakula cha moyo kinabanwa.

Sasa hapa ndipo napopapenda kuliko pote. Watu wengi, na hata wanafunzi wa udaktari wa mwaka wa kwanza, wanadhani kulegea ni kupumzika, moyo ukishakaza basi unajiachia wenyewe bure. Hapana jamani, kulegea ni kazi, inakula nguvu.

Habari hii inaanzia kwenye bomba la maji London. Mwaka 1882 daktari mmoja wa University College London, Sydney Ringer, huyu huyu ambaye jina lake mnaliona kwenye chupa za dripu wodini, alikuwa anaweka moyo wa chura kwenye maji ya chumvi na unaendelea kupiga vizuri tu. Akachapisha. Baadaye akagundua kumbe yale maji hayakuwa yametoneshwa, yani kusafishwa kwa kugeuzwa mvuke, kama alivyodhani, yalikuwa maji ya bomba ya kampuni ya New River. Alipotengeneza upya kwa maji safi yaliyotoneshwa moyo ukadhoofika mpaka ukasimama. Akarudi maabara, akachambua kilichomo kwenye maji ya bomba, akakuta ni kalsiamu, na mwaka 1883 akaandika waziwazi kwamba ile kazi ya mwanzo ilifanyika kwa maji ya bomba. Namheshimu sana kwa hilo, mana angeweza kunyamaza na sisi tungechelewa.

Kwa hiyo kalsiamu ndiyo inayouambia msuli wa moyo kaza. Kila pigo, kalsiamu inamwagwa ndani ya seli kutoka kwenye ghala lake, inashika protini moja inaitwa troponini, nyuzi za msuli zinavutana, moyo unakaza. Ili ulegee hiyo kalsiamu lazima iondolewe tena, na haiondoki yenyewe, mana kwenye ghala ipo nyingi kuliko ndani ya seli, ni sawa na kupandisha maji juu ya mlima. Inarudishwa kwa pampu, nyingi kupitia pampu inaitwa SERCA, na pampu inaendeshwa na ATP, nishati ile ile inayotumika kukaza. Na hata zile nyuzi zenyewe zikishashikana haziachiani mpaka ATP ije iziachanishe. Muulize muuza bucha yoyote, mbuzi akishachinjwa nyama yake ni laini inatetema, baada ya masaa kadhaa inakakamaa, na kinachokakamaza ni kwamba ATP imeisha, nyuzi zimeshikana na hakuna wa kuziachanisha. Msuli usio na nishati haulegei, unaganda. Ndio mana moyo ukianza kukosa nishati, kwa mfano mshipa umeziba nusu, mara nyingi kulegea kunaharibika mapema hata kabla ya kusukuma.

(Adrenalini inalijua hili vizuri. Ukishtuka haiuambii moyo ukaze kwa nguvu tu, inaachia pia breki ya SERCA, protini inaitwa fosfolambani, ili kalsiamu iondoke haraka na moyo ulegee haraka. Mwili unajua kwamba huwezi kuongeza mapigo bila kuongeza kasi ya kulegea.)

Tuje kwenye presha. Ventrikali ya kushoto ikisukuma dhidi ya presha kubwa mwaka hadi mwaka, inafanya kama msuli wowote unaobebeshwa mzigo, inanenepa. Ukuta wa kawaida ni milimita 6 mpaka 10 hivi, mtu wa presha isiyotibiwa unakuta 13, 14, mpaka zaidi. Na haunenepi kwa msuli peke yake, katikati ya seli kunaongezeka nyuzi ngumu za kolajeni, aina ya kovu. Jaribu kupuliza puto kisha jaribu kupuliza tyubu ya lori utanielewa. Damu ile ile inayotaka kuingia inahitaji presha kubwa zaidi, na hiyo presha inarudi nyuma, inaingia atiria ya kushoto, kile chumba cha juu kinachoijaza ventrikali, atiria inavimba, inarudi mpaka kwenye mishipa ya mapafu, maji yanaanza kuvuja kwenye mapafu. Hapo ndipo mtu anakwambia silali bila mito mitatu, nikijilaza chali pumzi zinakata.

Kuna mama mmoja wa makamo aliletwa na binti yake, baada ya shikamoo na marahaba akanitolea karatasi ya eko kutoka sehemu nyingine, EF 64, chini imeandikwa moyo upo sawa. Akaniambia, "Mwanangu, hapa wameandika sina shida, sasa mbona ngazi za kwa huyu binti yangu nakaa chini katikati?" Alikuwa ametibiwa pumu, akaambiwa pia ni uzee na uzito. Tukamlaza ubavu wa kushoto. Ukuta milimita 14. Atiria ya kushoto kubwa. Nikawasha dopla, sehemu ya mashine inayopima kasi, kuangalia damu inavyoingia ventrikali, wimbi la kwanza, tunaliita E, lilikuwa na kasi ya sentimita 80 kwa sekunde, ukiishia hapo utasema safi. Nikashusha alama kwenye pete ya valvu ya mitrali, mlango kati ya atiria na ventrikali ya kushoto, upande wa ukuta wa katikati, hapo unapima msuli wenyewe unavyorudi nyuma wakati wa kulegea. Kwa kawaida unatarajia sentimita 7 kwa sekunde au zaidi. Wake ulikuwa 4. Unauona kabisa kwenye skrini, kile kilima cha chini ya mstari kimefupika, kimekuwa kama kimekanyagwa. 80 ugawe kwa 4 unapata 20, na upande huo ikipita 15 tunajua damu inaingia kwa presha kubwa. Moyo ulikuwa unasukuma vizuri kweli, hakudanganywa kwenye hilo, ila ulikuwa haulegei.

Na msidhani hili ni la wazee peke yao. Mwaka 2012 zilitoka takwimu za wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa kwenye hospitali 12 za nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Wastani wa umri ulikuwa miaka 52, wakati Ulaya na Marekani wagonjwa wa aina hii wengi wako miaka ya 70. Na chanzo kilichoongoza ni presha, asilimia 45. Wengi wao moyo ulishachoka hata kusukuma, EF imeshuka, ila ni presha ile ile inayonenepesha ukuta, na kwenye hatua ya ukuta mnene bado kuna nafasi ya kufanya kitu. Miaka 52 mtu bado ana watoto shule. Hili linaniuma.

Tiba ipo. Presha ikishushwa na ikakaa chini ukuta unaweza kupungua unene, tunapima na tunaona. Dawa za kukojoza maji zinampa mgonjwa pumzi, ila kwa moyo mgumu zinahitaji mkono mwepesi, mana ukikausha sana moyo unakosa hata kile kidogo ulichokuwa unajaa na presha inadondoka. Kwa muda mrefu hatukuwa na dawa iliyoonyesha faida ya wazi kwa hawa wenye EF nzuri, mpaka 2021 empagliflozini, ambayo ilianza kama dawa ya kisukari, ikajaribiwa kwa wagonjwa karibu 6,000 na ikapunguza kwa asilimia 21 jumla ya vifo vya moyo na kulazwa kwa moyo kushindwa, hasa kulazwa, na hata wasio na kisukari walifaidika. Mwaka 2022 dapagliflozini ikatoa matokeo yanayofanana. Bei yake bado ni mzigo kwa wagonjwa wengi na hapo sina maneno matamu.

Ushauri wangu kama una presha na pumzi zinakata wakati EF iko safi, mwambie anayekupima eko unachokaje na ukifanya nini, alafu muulize vitu vitatu: unene wa ukuta, ukubwa wa atiria ya kushoto, na ile kasi ya pete ya valvu wakati wa kulegea. Vyote vinapimika kwa mashine ile ile, kama ina dopla ya msuli.

Sisi tunachohangaika nacho zaidi ni wale ambao wakilala kitandani vipimo vyote vinatoka vizuri. Hao tunawawekea pedali miguuni wanaendesha baiskeli wakiwa wamelala nusu, mzigo unaongezwa kidogo kidogo, probu, kile kifaa cha kupimia, iko kifuani muda wote, jasho linachanganyika na jeli, na kuna wengine mapigo yakivuka 100 tu unaona wimbi la E linapaa wakati ile pete haijaongeza kasi hata kidogo, na hapo hapo mgonjwa anakwambia dokta, ndio hii, pumzi ndio hii.